Safu ya Sita

Walinipa kompyuta ndogo na fomu yenye safu tano:
jina, hisa, mkopo, riba, rejesho.
Nenda Pongwe, wakasema, kahamishe daftari la kikoba cha akina mama wa mkonge,
wanachama thelathini na wawili tu, wiki moja inatosha.

Daftari lilifungwa kwa kamba ya katani,
jalada lina duara la kikombe cha chai.
Mweka hazina, Mwajabu Semboja, alilifungua kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto una vidole vitatu;
viwili vilibaki kwenye korona
mwaka ule bei ya singa ilipopanda.

Nikaanza.
Pili Kupaza, hisa nne, mkopo elfu themanini, rejesho sifuri.
Na pembeni, kwa wino wa kijani:
"Mumewe kalazwa Bombo, tusimdai mpaka atoke."
Salome Mhina, rejesho nusu:
"Nusu kampa Pili nauli. Tumehesabu kalipa."
Mwanakombo Hiza, faini ya kuchelewa, imekatwa mstari:
"Alikuwa anaosha maiti ya jirani."

Haya niyaweke wapi? nikauliza.
Akanitazama kama mtu aulizaye mlango ilhali yumo sebuleni.
"Weka hapo hapo, karibu na pesa.
La sivyo pesa zitajuaje zilikwenda kufanya nini?"

Miaka mitatu nimesomea uchumi.
Nilichora mistari miwili ikakatana, nikapewa alama;
tukasema mizani imetulia,
na hakuna aliyeuliza ni nani kawekwa kwenye sahani.
Hakuna aliyenikumbusha kwamba neno lenyewe limetoka shambani,
kuchuma,
na kwamba anayechuma ana mkono,
na mkono una vidole,
na vidole huhesabika.

Mchumia juani hulia kivulini.
Niliambiwa nikiwa mdogo, nikaamini.
Sasa tembea kwenye mkonge saa saba mchana:
mistari imenyooka hadi jicho lichoke,
majani kama mikuki,
wala hakuna mche wenye kivuli cha kumtosha kuku.
Kivuli kipo ofisini kwa karani.
Kipo chini ya bati la ghala la marobota.
Hulia kivulini: ni kula, au ni kulia?
Neno ni lile lile. Lugha imetuachia sisi tuamue.

Na mali bila daftari hupotea bila habari, ni kweli.
Lakini nimeyaona ya ofisini kwetu,
safi, hayana doa, kila shilingi ipo kitini pake.
Habari ndiyo iliyopotea.

Siku ya tano nikampigia simu msimamizi, Tanga mjini.
Naomba safu ya sita.
"Ya nini?"
Sababu.
Akacheka, si kwa ubaya. "Sababu haijumlishiki, dada."

Ni kweli, nilijaribu.
Nauli na maiti, kitanda cha Bombo na wino wa kijani,
chini yake nikapiga mstari, nikangoja.
Jibu halikuja.
Basi nikaiongeza mwenyewe, usiku, bila ruhusa.
Mfumo ulikubali herufi ishirini tu.
Pili: "Kalazwa. Tusimdai."
Mwanakombo: "Aliosha maiti."
Salome ilinishinda. Niliandika "Kalipa", nikafuta,
nikaandika "Kalipa" tena.

Asubuhi nikafika kwenye jina la mwisho.
Mwajabu Semboja, hisa sita, hana mkopo,
na pembeni yake hakuna wino wowote.
Nikamwuliza, na vidole, mama? Niandikeje?
Alikuwa anafunga daftari, kamba kaishika kwa meno.
Akaitoa mdomoni.

"Hilo si la kikoba, mwanangu.
Sisi hatudaiwi vidole.
Hilo ni deni la shamba. Kaandike kwao."

Nikafungua fomu nyingine.
Jina la mdaiwa, ikauliza.