Ndoo ya Hasara

Nilimnunua kwa bei ya kutupa mnadani Mkata,
jicho moja lina ukungu, ukwato mmoja umepasuka.
Mke wangu akamtazama, akasema, "Hii sasa ni hasara,"
na jina likamganda.

Njia yetu ni ile ya Mnyuzi,
magunia mawili kila punda,
mkonge kulia, mkonge kushoto,
mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata.
Katikati pana kijito.
Maji yake rangi ya chai iliyolala,
povu limeshika mawe kama mate ya mgonjwa,
na harufu, hapana, harufu hiyo siielezi:
aliyefanya kazi korona anaijua.

Hapo ndipo mwaka juzi nilimpiga Kiberenge.
Alisimama. Akashusha pua, akapuliza,
maji yakakunjamana, akarudi nyuma hatua mbili.
Mimi nilikuwa na haraka ya Mhina na mizani yake.
Nikasema, punda huyu ananijaribu.
Fimbo tatu.
Ya nne akanywa.

Usiku tumbo likawambwa kama ngoma.
Akalala, akainuka, akalala,
kila mara anageuka kuutazama ubavu wake
kana kwamba mle ndani kuna mtu anamwita.
Watu husema shukrani ya punda mateke.
Nilikaa nyuma ya miguu yake mpaka alfajiri.
Hakunipiga hata moja.

Sasa nabeba dumu. Lita ishirini
juu ya Hasara, mahali pa nusu gunia.
Mhina hucheka mpaka akashika meza:
"Semboja, unambebesha punda maji ya punda?"
Ndiyo. Na ujira wa hiyo nusu nakatwa mimi.

Nalijaza kwa Bi Namsifu, bombani,
shilingi hamsini ndoo, mtu na mnyama bei moja.
Kule mbele, penye mwarobaini, nashusha mzigo kwanza,
nangoja pumzi zirudi kwao,
ndipo namimina.

Juzi alikataa hata hayo.
Damu ikanipanda, mkono ukaikumbuka fimbo.
Kumbe ile ndoo asubuhi ilifuliwa kanga,
sabuni bado imo ukingoni.
Nikaisugua kwa mchanga, nikaisuuza,
nusu ya maji ikaenda na mchanga,
nikamimina kilichobaki.

Akanusa. Nami kimya, hata mate sikumeza.
Kisha akanywa, na masikio yakacheza,
mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila funda na lake.
Nikahesabu mafunda thelathini na moja.

Chini ya ndoo pakabaki maji ya vidole viwili,
unywele mmoja wa kijivu unaelea.
Nikautoa.
Nikanywa.