Andalio la Somo

Hisabati, darasa la nne, dakika arobaini.
Waliosajiliwa: mia moja na kumi na wawili.
Waliohudhuria: nimeacha wazi, kwa penseli,
maana ni wiki ya giza,
na hapa Kayenze giza ndilo siku ya kazi.

Usiku nilikata maboksi ya biskuti,
maduara manane: nusu, robo, theluthi,
nikayapaka bluu ya kufulia,
kwa kuwa posho ya mazoezi ilikuwa bado njiani
na njia yake ina vivuko vingi.

Chuoni tulifundishana wenyewe kwa wenyewe.
Nabwire alijifanya mtoto mtundu,
Lushinge alinyoosha mkono, "Mwalimu, mimi!"
Tulikuwa watoto hodari, watu wazima ishirini:
kila tulichoulizwa tulikijua.

Sasa mkufunzi Bituro amekaa nyuma,
dawati limemkunja magoti hadi kidevuni.
Utangulizi, dakika tano. Nikauliza swali.
Darasa likanitazama
kama mtu anavyotazama mvua ng'ambo ya ziwa
inayowanyeshea wengine.

Dawati la tatu, Misoji amelala.
Magamba ya dagaa yanametameta mkononi.
Saikolojia, sura ya sita: mwalimu achunguze chanzo.
Chanzo nilikijua.
Chanzo kilikuwa kinanuka.

Nikamgusa bega. Akazinduka akihesabu:
"Ndoo saba na sado mbili."
Sado ngapi zinajaza ndoo, Misoji?
"Tano."
Na hizo mbili ni kiasi gani cha ndoo?
Akanishangaa. "Mbili katika tano, mwalimu.
Mbili za mama, tatu za mwenye taa."

Basi, darasa likaamka lote.
Nani hupewa ngapi, nani alipunjwa juzi,
mchuuzi yupi ana sado iliyobonyea kitako.
Kijana mmoja dirishani, hata jina sikuwa nimelishika:
"Mwalimu, na iliyobonyea nayo ni moja ya tano?"

Nikashika chaki.
Nikaitazama chaki.
Jibu halikuwemo kwenye andalio.

Rimu ya lori ikagongwa kabla sijafika tathmini.
Maduara yangu yalikuwa mezani, mabichi bado.
Mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu:
*Muda haukuzingatiwa. Zana hazikutumika.
Mwandiko wa ubaoni, mzuri.*
Akaniaga kwa mkono, bila neno.

Jioni nilimwona mwaloni
akinunua dagaa wa kupeleka nyumbani.
Mama akachota sado, akaijaza mpaka ikafurika.
Mkufunzi akasema, samahani mama, mwaga kwanza.
Akaichukua, akaipindua,
akapitisha kidole gumba kitakoni, polepole,
kama anayesahihisha.

Usiku nikawasha kibatari nijaze tafakuri.
*Somo halikukamilika. Litarudiwa.*
Kisha ile nafasi niliyoiacha wazi
nikaijaza, safari hii kwa kalamu ya wino:
waliohudhuria, tisini na mmoja,
na mkufunzi.