Mshono Mbele

Miaka tisa nilimpigia goti Lyle Kucera,
si kwa kumwomba wala kumwabudu:
mimi ndiye niliyemshikia mpira.
Kidole kimoja juu ya ncha, mshono umetazama mbele,
maana mguu ukigusa mshono, mpira hupinda
kama neno lililotangulia akili.

Sekunde moja na robo. Hesabu mwenyewe:
mpira unatoka katikati ya miguu ya Odell,
unakata baridi, naudaka, nauzungusha, nausimamisha,
na Lyle hayupo tena pale alipokuwa.
Basi. Kazi imekwisha.
Saa tatu zilizobaki alitembea pembeni ya uwanja
akiupiga mpira kwenye wavu,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyehama.

Kiatu cha kulia alivaa namba nane.
Mguu wake ulikuwa wa tisa na nusu.
"Nataka kuusikia mpira," alisema, "kiatu sikihitaji."
Kila msimu kucha zilimng'oka,
akazihifadhi kwenye kopo la kahawa.
Sikumuuliza kwa nini.

Kwao Nebraska hapakuwa na milingoti.
Alijifunza kulenga kati ya ghala la mahindi
na trekta bovu ambalo baba yake
aliahidi kila kiangazi kulitengeneza.

Timu sita zilimwacha kabla hajafika kwetu Toledo.
Kijana wa ofisini hugonga mlango alfajiri:
kocha anakuita, njoo na daftari lako.
Rosalind, mkewe, aliacha kufungua masanduku;
sufuria zao zilijua barabara kuliko jikoni.

Wale majitu wa mstari wa mbele, kilo mia na arobaini kila mmoja,
walimwita Mhasibu.
Siku ya mchezo hakuna aliyeketi karibu naye.
Kabla ya teke, nuksi.
Akikosa, msiba.
Akifunga, walishampita mbio, wakikumbatiana wao kwa wao.

Sasa ile ya Januari. Yeye hajawahi kuisema, nitaisema mimi.
Yadi arobaini na moja. Sekunde nne. Pointi mbili nyuma.
Utepe wa mlingoti wa kushoto unacheza, wa kulia umelala.
Odell aliutupa vizuri, asilaumiwe.
Vidole vyangu ndivyo vilivyokufa ganzi;
niliuzungusha mpira, ukagoma nusu njia,
mshono ukabaki unamtazama Lyle
usoni.

Aliuona. Najua aliuona,
maana hatua yake ya mwisho ilisita, unywele tu,
halafu akapiga.

Chuma kililia.
Watu elfu sitini wakasikia mlingoti ukilia
na baada yake hawakusikia kitu.

Waandishi walimzunguka akiwa na taulo kiunoni.
"Nilikosa," akasema.
Neno moja, nalo halikuwa lake.
Mimi nilikuwa kabati la tatu kutoka pale,
nikifungua kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafunguka.

Asante ya punda ni mateke, husema watu.
Huyu alitoa mateke miaka kumi na minne,
na asante ilikuwa mayai kwenye kioo cha gari
na simu ya Jumanne, dakika mbili kasoro.

Nilidumu misimu mitatu zaidi,
nikimshikia kijana aliyepiga ishara ya msalaba kabla ya kila teke.
Mshono mbele, kila mara. Kila mara.

Vuli iliyopita nilimpigia simu.
Anauza mabomba ya umwagiliaji, ana mjukuu.
Nikakohoa, nikasema: Lyle, siku ile, mshono.
Kulikuwa na mashine ikinguruma nyuma yake,
wanavuna.
"Mshono upi?" akasema,
kisha akanieleza kwa kirefu
bei ya mahindi.