Neno la Dirishani

Herufi kumi na moja, rangi ya dhahabu,
kwenye kioo cha duka langu, Butte, Montana.
Mama alizichora kinyumenyume, akiwa ndani,
kabla ulimi wake haujaweza kulitamka neno.
Alichojua ni kwamba suruali huingia ndefu,
ikatoka fupi, na mtu akalipa.
Sasa herufi ya tatu imebanduka.
Wateja wanaingia vilevile.

Kiingereza hulituma neno hili kila mahali
kama mtoto wa kambo: lete maji, zoa majivu, kafunge mlango.
Daktari Haugen wa mifugo aliniuliza, kalamu juu ya fomu,
kama paka wangu amebadilishwa.
Nikamwambia hajabadilika hata kidogo,
jana tu ameiba ini kikaangoni.
Akaona haya. Alimaanisha kuhasiwa.

Kule benki walilitamka kwa kunong'ona:
ile hundi ya Lubomir, moja iliyovikwa kofia
ikawa saba.
Pale maana yake ni kughushi, ni kuchakachua,
ni Lubomir kuuza lori lake mwezi wa tatu
na kutosalimiana na mtu kanisani.

Na babu yangu alipofika mgodini
karani wa mishahara aliona jina lake limeuzidi mstari,
akalikata mkia. Bila futi, bila chaki.
Hilo nalo tuliiteje?
Kufupisha ni kwa suruali.

Mume wangu, Emmet, aliniachia jiwe.
Jeupe, laini, ukilisugua linaacha unga kidoleni
kama sabuni kavu.
Alilitaja kwa neno lile lile la dirishani,
ila yeye alilitamka polepole, kwa heshima.
Maji ya moto, alisema, yalipita humu
miaka ambayo hakuna wa kuihesabu,
yakalila, yakalilainisha, yakaliachia shaba.
Jiwe ambalo halijapatwa na jambo, Milosava,
ni la kujengea ukuta tu.

Usiku nikipiga pasi huyapanga maneno vidoleni:
kupunguza, kupanua, kugeuza, kurekebisha,
kutia kiraka, kuharibu, kukua.
Halafu nasikia harufu ya kuungua, naacha.

Jumanne alikuja Orrin Penhallow
amekumbatia koti jekundu la marehemu mkewe
kama aliyebeba mtoto aliyelala.
Ni la mjukuu, akasema, Tamsin, ana miaka tisa.
Lipunguze. Lakini usilibadilishe.

Nilitaka kucheka. Sikucheka.
Nilimwandikia risiti, nikaacha tupu mstari wa kazi.

Nilipofumua pindo niliukuta uzi wa Mama,
mishono yake midogo, inayoegemea kushoto
kama watu wanaotembea kwenye upepo,
na chini ya mkunjo, ukanda wa upana wa kidole,
mwekundu, mwekundu wa siku ya kununuliwa.
Kumbe kwa nje lilikwisha kuwa koti jingine
miaka yote hiyo, kwa jua, kwa theluji, kwa mabega ya Delphine,
na hakuna aliyekuja hapa kulalamika.

Sikukata. Mkasi ulikuwa mezani, nikausogeza.
Nikaikunja mikono ya koti, nikakikunja kiuno,
nikakificha kitambaa chote ndani, inchi kwa inchi,
kwa mshono ambao mtu yeyote mwenye subira
ataweza kuufumua mtoto akirefuka.

Jumamosi Tamsin alilivaa, akazunguka mara moja,
akatia mkono mfukoni, akatoa
pipi ya mnanaa iliyogandana na karatasi yake.
Orrin aligusa bega la koti.
Hujabadilisha kitu, akasema.
Hata, nikasema,
nikamtoza dola kumi na nne.