Mahakama ya Ndizi

Ndekirwa anauza ndizi Mabibo,
pale pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi,
na siku ile alinishitaki kweli.
Aliinua chupa yetu kama kielelezo:
"Bia ya ngano, mnasema. Ngano!
Na hii harufu ya kisukari kilichoiva,
kilichoanza madoa, mmeinunua kwa nani?
Maana si kwangu."

Nikaapa. Hakuna ndizi.
Ngano ya Hanang, shayiri kidogo, maji,
na maua ya hopsi ya kuhesabu kwa vidole.
Akanusa tena. "Na karafuu?"
Karafuu nayo hakuna.
Akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kupunjwa.

Nimwelezeje?
Ngano ni mpole, karibu bubu;
kazi yake kuutia mwanga ukungu glasini
na kulisimamisha povu kama kilemba.
Anayesema ni hamira,
kidudu kisicho na jicho wala mguu:
kinakula sukari gizani, kinajisahau,
na pumzi yake ndiyo ndizi,
jasho lake ndilo karafuu.

Kiwandani kwetu Chang'ombe
(kiwanda kwa jina, matanki manne na feni)
tunalala na kipimajoto.
Kukiwa na ubaridi, karafuu inasogea mbele.
Joto likipanda, ndizi inavunja mlango.
Na Jumanne ile umeme ulikatika saa nane usiku,
jenereta ikakohoa, ikanyamaza,
na joto la Dar la mwezi wa pili, unalijua,
halibishi hodi.
Nililipepea tanki kwa kifuniko cha ndoo.
Lita mia tano, nazipepea kama mgonjwa!
Kulipokucha, Mabibo nzima ilikuwa imo ndani.

Hiyo ndiyo chupa aliyoishika.

La mama sikumwambia.
Mama ni wa Wete, hanywi,
hata uani kwetu hakanyagi.
Lakini jioni moja nilimpelekea funguo,
shati limelowa, mrija ulikuwa umepasuka;
akanishika kola, akavuta pumzi,
akakaa nayo.
Kisha akauliza, kama aliyeamshwa:
"Nani kaanika majamvi?"
Miaka arobaini hajaona karafuu ikianikwa.

Upande wa pili wa kola ile angeujua baba,
mtu wa Kibosho, mtoto wa mapipa ya mbege.
Hakuiwahi bia hii.

"Kwa hiyo," Ndekirwa akasema,
"kitu hakimo, na ladha yake imo."
Nikasema ndiyo.
"Na anayeileta haonekani."
Nikasema ndiyo, mheshimiwa.

Akaimaliza chupa, mashapo na yote.
Akakata chane moja ya kisukari,
akaniwekea juu ya mizani bila kupima:
"Chukua. Kaionyeshe hiyo hamira yako
kitu inachokiiga."