Wasifu wa Norbert Gawronski

Tunaanza na jina. Hapo hakuna ubishi.
Anwani: Mtaa wa Clinton, Buffalo, ghorofa ya juu,
kengele imekufa, gonga mlango kwa ngumi.
"La ngumi tusiliandike," nasema mimi,
binti yake wa mwisho, mwenye kompyuta,
na chai yake imeshapoa mara mbili.

Umri hatuandiki. Siku hizi hawaulizi,
wanahesabu wenyewe kwa kutazama tarehe.
Basi tarehe tunazipitisha kama mtu anayerudisha gari,
kioo hiki, kioo kile, bila kugusa ukuta.

Kazi iliyopita: mhudumu wa maegesho,
nyuma ya hospitali, miaka ishirini na mitatu,
mpaka walipoleta mashine yenye mkono wa njano
inayomeza kadi na kusema asante
kwa sauti ya mwanamke asiyekuwepo.
"Andika: niliondoka."
"Baba, uliondolewa."
"Tofauti ni herufi tatu," anasema,
"na hizo tatu ndizo zinazonikesha."

Majukumu. Hapa ndipo tunapokwama.
Mfano niliopewa unasema: kupokea malipo,
kuelekeza magari, kutunza usafi wa eneo.
Yeye anafumba macho, anaanza kutaja:
ile Buick ya kijani ya daktari wa figo
iliyokohoa kabla ya kuwaka, kama mwenyewe;
funguo mia na nne kwenye misumari, bila namba,
"nilizipanga kwa sura za wenyewe";
mwanamke aliyetoka saa tisa usiku
na mfuko wa plastiki, ndani viatu vya mumewe,
hakumbuki gari lake ni la rangi gani.
Walizunguka safu kwa safu, theluji magotini,
yeye akibonyeza kitufe, baba akikodolea giza,
mpaka taa mbili zikakonyeza kule kwenye uzio.
Hakumtoza. Alimkwangulia barafu kioo cha mbele,
na cha nyuma, na vya pembeni pia,
kwa sababu, anasema, mtu aliyefiwa
hutazama kila upande.

Hilo tunaliweka wapi?
Naandika: Huduma kwa wateja.
Anasoma, midomo ikitembea,
anatikisa kichwa kama aliyeuziwa kiatu kimoja.

Ujuzi wa fedha. Ananyamaza.
Kisha: "Siku moja zilipungua dola nne.
Nilizila. Nilinunua supu. Andika."
"Baba, hakuna anayeandika hayo."
"Nilizirudisha Ijumaa. Andika na Ijumaa."
Tunabishana mpaka paka anahama jikoni.
Mwishowe naandika: Mwaminifu.
Neno jembamba, halina supu ndani yake.

Lugha: Kiingereza; Kipolandi cha kanisani na cha matusi.
Nafuta matusi. Nalibakiza kanisa.

Leseni: safi, tangu kabla sijazaliwa,
ingawa gari lenyewe hana, hakuwahi kuwa nalo.
Aliyeegesha magari ya nusu ya mji
alirudi nyumbani kwa basi, miguu imelowa,
nasi tukimlaumu kwa kuchelewa chakula.
Nilijua hayo. Yaani nilijua
kama unavyojua ukuta uko nyuma yako.

Wadhamini: anataka nimwandike yule mwanamke.
Jina halijui. Simu haijui.
"Toyota ya kijivu," anasema, "taa ya kushoto hafifu.
Wakiiona, wamuulize."

Ukurasa umejaa, mmoja, kama walivyotaka.
Anavaa miwani, anasogea nyuma ya kiti changu.
"Jina langu limekaa upande."
Nageuka: amesimama wima, mkono hewani,
kiganja kinaniita, macho yako kwenye nafasi.
"Lirudishe. Kushoto. Kushoto tena, usiogope,
njoo, njoo,
basi."