Omu Mia Tatu

Dukani kwa Kuwabara, Osu, ghorofa ya tatu,
pupa huachwa mlangoni pamoja na miavuli.
Hedifoni zimetundikwa ukutani kama kofia za marubani
waliotoka kunywa chai wasirudi.
Nimekuja na bonasi ya Desemba ndani ya bahasha
na masikio ya miaka hamsini na minane,
masikio ya fundi wa lifti,
yaliyolishwa mota na nyaya za chuma
tangu majengo ya Sakae yakinuka rangi.

Daktari hakunificha:
juu ya hezi elfu tisa, huna kitu.
Kule filimbi inakoishia, kule panya wanakonong'onezana,
kwangu ni theluji tu.
Nikamuuliza Kuwabara: mwenye ghala bovu
anunue mchele wa bei hii?
Akafuta miwani.
"Bado una hezi elfu nane na kitu. Umeshazitumia zote?"

Akaniwekea kwanza zile ndogo, za safari,
zinazoziba sikio kama kizibo cha chupa:
treni itapita usiisikie,
na kituo chako kitapita usikisikie.
Kisha zile kubwa, mgongo wazi, omu mia tatu,
vivivu hasa, haziamki kwa umeme wa simu.
"Hizi bila amplifaya," akasema,
"ni kengele ya hekalu bila gogo la kuigonga."
Akawasha ile yenye vali. Tukangoja vioo vipate joto,
wanaume wawili kimya, kama tunachemsha yai.

Rekodi ilikuwa yangu, mfukoni:
kwaya ya mtaa, ukumbi wa Chikusa, mvua za Juni.
Mke wangu Sayoko huimba sauti ya pili,
safu ya tatu, karibu na nguzo.
Miaka kumi na mmoja nimemtafuta humo
kwa vifaa vya bei ya bakuli la tambi,
nikaambulia ukuta. Ukuta usio na mlango.

Sasa mlango.
Nikasikia kiti. Nikasikia karatasi ikigeuzwa mapema mno.
Kushoto, nyuma kidogo, mwanamke akavuta pumzi
kama mtu anayetaka kuinua ndoo,
akaingia kwenye noti kachelewa unywele mmoja.
Nikamjua. Nikashika meza.
Kuwabara akajifanya anapanga risiti.

Jioni nikamwambia Sayoko, naye akikata vitunguu:
leo nimekusikia. Ulichelewa, lakini ulikuwa wewe.
Akaweka kisu chini.
"Juni ile? Nilikuwa na homa, nililala nyumbani.
Aliyesimama pale ni Bi Inagaki, yule wa duka la vitambaa."
Akacheka hadi machozi, akavisingizia vitunguu.

Sikulala vizuri.
Zile hedifoni zilisema kweli tupu;
uongo niliuleta mwenyewe, kutoka nyumbani,
bila waya.

Jumamosi tukarudi wawili.
Zile kubwa sikuzichukua: bei yake na ya amplifaya
hazikuweza kulala bahasha moja.
Nikachukua amplifaya, ndogo, isiyo na vali,
kwa sababu ambayo Kuwabara hakuiandika kwenye kadi:
ina matundu mawili.
Hedifoni ni zetu za zamani, yake imefungwa utepe,
waya wake mita moja na robo tu,
hivyo hana budi kukaa pale ambapo bega lake hunifikia.
Kwenye treni sivai kitu. Kwenye treni
nasikiliza treni; breki za behewa la nne zinahitaji mafuta,
nimeshawaandikia.

Usiku, jirani akizima mashine yake ya kufulia,
tunaicheza kwaya ile.
Ikifika ile pumzi, Sayoko huinua kidole:
"Huyo. Inagaki."
Najua. Nimeshaambiwa.
Lakini kabla ya kidole,
kama nusu sekunde hivi,
bado namsikia yeye.